Mimba Isipotunga, Kosa ni la Nani?

Jambo jema likishindikana, watu wengi hawaulizi kwanza, "Ni nini kilichotokea?" Huuliza, "Ni nani aliyelifanya?" Mbuzi akifa hutafutwa mtu. Mtoto akiugua hutafutwa mtu. Na hasa ndoa isipopata mtoto, swali hilo huzunguka nyumba usiku na mchana, na mara nyingi jibu huwa limekwisha kuwekwa tayari kabla ya swali lenyewe: ni mwanamke.

Yafaa basi mkatekumeni ajifunze mapema kupambanua mambo mawili ambayo ulimi wa watu huyachanganya, yaani sababu na kosa. Kila jambo lina sababu yake. Walakini si kila jambo lina mkosaji. Mkulima hutia punje mbili au tatu za mahindi katika shimo moja, kwa maana ajua kwamba nyingine hazitaota. Punje isiyoota ina sababu, hata kama sababu hiyo imefichika ndani ya punje yenyewe. Lakini hakuna mkulima anayeushitaki udongo mbele ya wazee.

Ili fundisho hili lionekane wazi, na litazamwe jambo moja la siku hizi: hali ya mama anayengojea baada ya madaktari kuweka kiinitete katika mji wake wa mimba. Katika kungojea kwake sababu na kosa huchanganywa kuliko mahali pengine popote, na machozi mengi hutoka hapo.

JAMBO LENYEWE

Mwanamke ana mirija miwili myembamba ya uzazi. Yai hupita humo likielekea mji wa mimba, na humo ndimo linamokutana na mbegu ya mume. Mirija ikiziba, yai na mbegu havikutani. Mara nyingi kinachoiziba ni kovu la ugonjwa wa zamani usiotibiwa kwa wakati, kama vile kisonono, ambao mke huweza kuupata kwa mumewe bila kujua. Nchi ya Kongo yaijua taabu ya utasa. Uchunguzi wa hesabu ya watu uliofanywa kati ya mwaka 1955 na 1957 ulionyesha kwamba katika sehemu za kaskazini, kama Uele, wanawake wengi mno walikuwa wamepita umri wa kuzaa bila kupata hata mtoto mmoja.

Mirija iliyoziba ndiyo iliyomtaabisha Lesley Brown, mwanamke wa mji wa Bristol, Uingereza. Yeye na mumewe John, mfanyakazi wa reli, walitafuta mtoto kwa miaka tisa. Mwishowe walikwenda Oldham, kwa daktari Patrick Steptoe na mtaalamu Robert Edwards, waliofanya kazi pamoja na muuguzi Jean Purdy. Tarehe 10 Novemba 1977 walitoa yai moja katika mwili wa Lesley, wakaliunganisha na mbegu ya mumewe ndani ya chombo cha kioo. Yai lililoungana na mbegu huanza kugawanyika: chembe moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Mwanzo huo mdogo ndio uitwao kiinitete. Kilipofika chembe nane, baada ya siku mbili na nusu hivi, walikirudisha katika mji wa mimba wa mama kwa mrija mwembamba. Kisha haikubaki kazi nyingine ila kungojea. Mwanzoni mwa Desemba Edwards alimwandikia Lesley barua fupi, kumwambia kwamba vipimo vyake vya damu na mkojo vinatia moyo. Mtoto Louise alizaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Jina la Louise lilienea dunia nzima. Lakini yafaa kuwakumbuka na wale ambao majina yao hayakuandikwa katika magazeti. Katika miaka ile ya kwanza ya kazi yao, Steptoe na Edwards walirudisha viinitete mara 112. Mimba zilizotunga zilikuwa 5. Watoto waliozaliwa hai walikuwa 2. Wanawake wale wengine hawakumzidi Lesley kwa uvivu, wala hawakutamani mtoto kidogo kuliko yeye. Walilala katika vitanda vilevile, chini ya mikono ileile. Ni nani awezaye kusema kwamba walikosa?

MWILI WAKATI WA KUNGOJEA

Siku hizi kiinitete hurudishwa kikiwa cha siku tatu au tano. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kwa kawaida mama halazwi usingizi. Kisha hurudi nyumbani, na hapo huanza kuusikiliza mwili wake kama mlinzi asikilizavyo hatua gizani. Je, husikia nini?

Kwanza, katika siku za mwanzo aweza kuona maji kidogo au tone la damu, kwa maana mlango wa mji wa mimba umeguswa. Pili, tumbo laweza kumkaza kidogo, kama katika siku zake za mwezi. Tatu, matiti humuuma, tumbo hujaa, choo huwa kigumu, na uchovu humshika. Mambo haya mara nyingi huletwa na dawa ya projesteroni, anayopewa ili ukuta wa mji wa mimba uwe tayari kumpokea mgeni. Nne, wako wanawake wasiosikia lolote, wakaogopa kwa sababu hawasikii.

Hapa pana neno la kushika sana. Dawa ile huleta dalili zilezile za mimba, hata pasipo mimba. Kwa hiyo anayeumwa na matiti hajapata ahadi, na asiyeumwa hajanyimwa kitu. Tone la damu laweza kuja kabla ya habari njema, na laweza kuja kabla ya habari mbaya. Mwili katika siku hizo ni kama mjumbe ambaye hajapewa barua. Kumwuliza habari ni kujitesa bure. Habari hutoka katika kipimo cha damu, ambacho hufanywa kati ya siku ya 9 na ya 14 hivi, kama hospitali ilivyopanga. Anayejipima mkojo mapema huweza kudanganywa pande zote mbili: ataambiwa hapana kwa kuwa muda haujatimia, au ataambiwa ndiyo kwa sababu ya sindano aliyopigwa kabla ya kutolewa mayai.

Wako wanaosema, "Akisimama, kitaanguka." Si kweli. Kiinitete ni kidogo hata jicho halikioni vema, nacho hukaa kati ya kuta laini zinazogusana. Hakianguki kwa sababu mama amesimama, amekohoa, au amekwenda chooni. Madaktari wamewalinganisha wanawake waliolazwa kitandani na wale walioinuka wakaenda zao, wakaona kwamba kulala hakuongezi mimba. Mizigo mizito mama aiache, kama alivyoagizwa, kwa maana mwili wake umetoka katika sindano na dawa kali. Lakini kupika, kutembea, na kukaa na watu hakumwondolei kitu.

Iko hatari ya kweli, nayo ina dalili zake. Tumbo likivimba kwa haraka, mama akitapika, akikosa pumzi, au mkojo ukipungua sana, damu ikitoka nyingi, homa ikipanda, maumivu makali yakishika upande mmoja, au begani pamoja na kizunguzungu: hapo asingoje asubuhi, apelekwe hospitali. Yawezekana mimba imetunga nje ya mahali pake. Mimba ya kwanza kabisa waliyoipata Steptoe na Edwards, waliyoitangaza mwaka 1976, ilikuwa ya namna hiyo, nayo haikuweza kuendelea. Tena mama asiache dawa zake kwa kuwa ameona damu kidogo. Angoje neno la daktari.

MOYO WAKATI WA KUNGOJEA

Mwili huchoka, lakini moyo huchoka zaidi. Asubuhi mama hutumaini, jioni hukata tamaa, na katikati hakuna lililobadilika. Huhesabu siku. Huchagua jina la mtoto, kisha hujikaripia kwa kulichagua. Huogopa kufurahi, asije akaadhibiwa kwa furaha yake. Hukasirika upesi na mumewe, ambaye naye aogopa lakini amefundishwa kwamba mwanamume haogopi. Akimwona jirani mwenye mimba, husikia uchungu, kisha huona haya kwa uchungu huo.

Mambo haya si ubaya wa roho. Uchungu unaopanda wenyewe moyoni si dhambi, kama vile njaa si wizi. Maandiko Matakatifu hayakuficha taabu ya namna hii. Anna, ambaye baadaye alimzaa Samweli, alikuwa na mume aliyempenda, walakini alilia asile chakula, na mke mwenziwe Penina alimchokoza mwaka kwa mwaka. Alipokwenda kusali, midomo yake ikicheza bila sauti, kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa. Tazama: hata mtu wa hekalu aliyaona machozi akayaita ulevi! Lakini Eli alipoambiwa kweli hakushindana. Aligeuza neno lake akambariki. Wengi hufanana na Eli wa kwanza; heri wanaofanana na Eli wa pili.

Na kipimo kikitoka "hapana", huja msiba wa namna ya peke yake. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna jina. Ni msiba usio na matanga. Majirani hawaji kukaa, kwa maana hawajui kama kuna aliyekufa. Mwanamke hulia peke yake, na katika upweke huo ndipo swali la kwanza humrudia: "Nimefanya nini?" Hukumbuka ndoo aliyoinua, ugomvi aliougombana, usiku aliokosa usingizi, sala aliyoisahau. Hufanya hesabu ya makosa, kama mdaiwa ambaye hajaonyeshwa deni.

SABABU NA KOSA

Sasa turudi kwa lile fundisho. Mkatekumeni amekwisha kujifunza kwamba ili pawe na dhambi ya mauti yatakiwa mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, akili iwe imejua, na nia iwe imekubali. Kosa lolote la mtu, kubwa au dogo, lataka akili na nia. Asiyejua na asiyetaka aweza kuwa na bahati mbaya. Hawezi kuwa na hatia.

Na upimwe basi mwanamke huyu. Je, alijua kwamba kiinitete hakitashika? Hakujua, hata daktari hakujua. Je, alitaka kisishike? Alitaka kinyume chake kwa moyo wote. Je, alikuwa na uwezo wa kukishikisha, akaacha? Hakuwa nao. Hakuna mwanamke anayeamuru mji wa mimba kama anavyoamuru mkono. Basi kosa likitafutwa kwake halipatikani.

Na sababu? Sababu ipo, na kwa sehemu yajulikana. Mara nyingi imo ndani ya kiinitete chenyewe. Katika kila chembe ya mwili kuna nyuzi ndogo zinazochukua urithi wa baba na wa mama. Mara nyingi hesabu ya nyuzi hizo hukosewa tangu mwanzo, hata maisha hayawezi kuendelea. Hili huzidi kadiri umri wa mama unavyopanda. Wala halitokei kwa madaktari peke yao: katika ndoa zisizosaidiwa na daktari yeyote, mimba nyingi hupotea katika siku za kwanza kabisa, kabla mama hajajua kwamba ametunga. Tena mbegu ya mume nayo huweza kuwa dhaifu. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai, hasa kwa ajili ya waume ambao mbegu zao ni chache au hazina nguvu. Waume wengi walijua hapo kwamba miaka yote waliyomlaumu mke, sababu ilikuwa upande wao. Lakini nao, je, walikosa? La. Walikuwa na sababu. Kosa lao lilikuwa lile lawama tu.

FUNDISHO LA KANISA

Mwingine atajibu: "Kanisa Katolika lakataza njia hiyo. Basi mimba isipotunga ni adhabu." Neno hili lina sehemu mbili, nazo sharti zitenganishwe.

Sehemu ya kwanza ni kweli. Waraka wa Roma uitwao Donum Vitae, wa tarehe 22 Februari 1987, ulifundisha kwamba yafaa mtoto atungwe katika tendo la ndoa la baba yake na mama yake, wala si katika chombo cha fundi. Tena ulikataa viinitete vitupwe au viharibiwe. Waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008 ulilirudia fundisho hilo. Mkristu anayetaka kulifahamu vema amwulize padri wake kabla ya kuamua, wala asione haya.

Sehemu ya pili si kweli. Kupima tendo ni kazi moja. Kudai kujua adhabu za Mungu ni kazi nyingine, ambayo mwanadamu hakupewa. Kama kushindwa ni adhabu, basi kufaulu kungekuwa cheti cha haki, na hakuna mwalimu wa dini anayekubali hivyo. Tena msiba huohuo huwapata wenye ndoa ambao hawakumwona daktari hata siku moja. Waraka uleule wa 1987 wasema kwamba kila mtoto anayezaliwa, kwa njia yoyote, apokewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu. Na siku chache baada ya kuzaliwa Louise, Kardinali Albino Luciani wa Venezia aliulizwa habari hiyo. Hakuliacha fundisho la Kanisa. Lakini alimtakia mtoto mema, akasema kwamba hana haki ya kuwahukumu wazazi wake. Mwezi uleule wa Agosti 1978 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Yohane Paulo wa Kwanza. Kama kardinali alijizuia hukumu, je, jirani wa kisimani ataipata wapi?

Injili ya Yohane yasimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walimwuliza Bwana Wetu ni nani aliyekosa, yule mtu au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Kisha hakusimama kubishana. Alimtendea mgonjwa jambo jema.

WAJIBU WA WALIO KARIBU

Kwanza, wasimwulize kila siku, "Je, umesikia nini?" Yeye mwenyewe hana cha kujibu. Pili, wasimpe ahadi isiyo yao. Anayesema, "Hakika utapata," amejiweka mahali pa Mungu, na habari mbaya ikija hatakuwapo. Tatu, wamsaidie kwa mikono: maji ya kuteka, kuni za kupasua, njia ya kwenda hospitali. Nne, mume asimame kati ya mkewe na ndimi za ndugu zake. Mama mkwe akiuliza, mume ndiye ajibu: "Mama, jambo hili ni letu sote wawili." Neno hilo moja laweza kumponya mke kuliko dawa nyingi. Tano, mimba isipotunga, waje wakae naye kama katika msiba mwingine, bila maneno mengi. Hata ikitunga, wasishangae akiendelea kuogopa. Aliyewahi kuanguka hutembea polepole. Huko si kukosa shukrani.

Na ndoa isiyopata mtoto haikupungua kuwa ndoa. Mume na mke waliapa wao kwa wao. Hawakuapa kwa sharti la watoto.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Sababu na kosa vyapambanuka namna gani?
Sababu huonyesha jambo lilivyotokea. Kosa huonyesha mtu aliyejua na kutaka ubaya.

Je, maumivu au damu kidogo humwambia mama kama mimba imetunga?
Hapana. Kipimo cha damu kwa siku yake ndicho humwambia.

Mimba isipotunga, kosa ni la nani?
Si la mtu. Lakini anayemlaumu mama baada ya kujua hayo, huyo amepata kosa lake mwenyewe.